Noreen Barraclough na Kingamwili ya Kumi na Nne

Noreen Barraclough hakuwa msomi, wala hakupata kujidai kuwa msomi. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaingia kufanya kazi katika mabanda ya rubabu ya baba yake, nje kidogo ya mji wa Morley. Rubabu, mmea wa mabua yanayopikwa kwa sukari, majira ya baridi huoteshwa gizani. Mabanda hayana dirisha hata moja, na mabua yake mekundu, machachu kuliko ukwaju, huchumwa kwa mwanga wa mishumaa, kwa sababu yakiona jua hukomaa na kuwa magumu. Noreen alichuma kwa miaka sita, mgongo umejikunja, pua ikimtiririka kwa baridi. Mwaka 1973 akasema basi. Akaomba kazi ya kuosha vyombo vya maabara katika Chuo Kikuu cha Airebridge, akidhani atakaa mwaka mmoja hivi mpaka apate kazi ya dukani. Alikaa miaka thelathini na minane.

Kilichompandisha ni sabuni. Katika idara ya mimea alikopangiwa palikuwa na chumba kidogo cha kulelea seli, na seli hudeka kuliko mtoto wa mwisho. Sabuni kidogo tu ikibaki chupani, asubuhi unazikuta zimekufa zote. Watu wakaanza kuona kwamba chupa alizosuuza Noreen haziui. Alikuwa akisuuza mara saba kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji yaliyochujwa, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama aliyekuwa akitunza chumba kile alipostaafu, funguo akakabidhiwa Noreen.

Mwaka 1983 akaja Gwilym Prosser, profesa mpya kutoka Wales, mrefu, mwembamba, mchache wa maneno na mwenye ulimi wa kukwaruza. Kila mtu alimwita Gwilym, hata mfagiaji. Ndiye aliyeleta shughuli ya kingamwili.

"Mmea hauna mfupa," alimwambia Noreen siku ya kwanza. "Unasimama kwa kuta. Kila seli imejijengea ukuta wake, na ukuta wenyewe ni minyororo ya sukari iliyosukwa, mingine migumu, mingine laini kama ile pektini inayogandisha jemu. Taabu ni kwamba sukari hizo zinafanana. Ukizisaga na kuzipima, unajua zipo kiasi gani, lakini hujui ipi ilikaa wapi."

"Sasa nani anajua?" Noreen akauliza.

"Panya," Gwilym akasema.

Akamweleza, na Noreen akayashika maelezo yale maisha yake yote. Panya buku akidungwa sindano yenye sukari ya mmea, mwili wake huiona ni mgeni na kutengeneza kingamwili za kumkamata, na kila kingamwili hushika aina yake tu. Zinazotengeneza kingamwili ni seli za bandama, lakini seli hizo zikitoka mwilini hazimalizi wiki. Basi huunganishwa na seli za saratani, ambazo hazijui kufa, na hapo hupatikana machotara yenye kipaji cha mzazi mmoja na umri wa mzazi mwingine. Kingamwili zao zikitiwa rangi inayong'aa na kumwagiwa kipande chembamba cha bua, kila moja huenda kukaa juu ya sukari yake. Mwenye darubini anaona kwa macho yake: hapa ipo hii, pale ipo ile.

Lakini machotara hutoka yamechanganyika, maelfu kwa maelfu, kila moja na kingamwili yake, na kuyatenganisha ndiko kulikokuwa kazi ya Noreen. Aliyazimua mpaka kila tone libaki na seli moja au lisiwe na kitu, akayadondosha matone yale moja moja katika sahani yenye vishimo tisini na sita. Kesho yake alikaa kwenye darubini akikagua kishimo baada ya kishimo. Chenye seli moja alikitia alama. Seli ile ikizaa na watoto wakizaa, ukoo mzima unakuwa umetoka kwa bibi mmoja, nao unatengeneza kingamwili moja isiyobadilika. Kisha kazi yote hurudiwa upya, maana jicho hukosea, na seli mbili zikilaliana huonekana moja. Gwilym alibandika sheria yake ukutani kwa mkono wake mwenyewe: MARA MBILI. Sheria nyingine hakuwa nayo.

Noreen aliipenda kazi hiyo. Hakupenda kusifiwa, lakini alipenda kujua kwamba katika jengo lile lenye wasomi sitini, hakuna mwingine awezaye kukaa saa tatu akitazama vishimo bila kuwaza jambo jingine.

Kingamwili ya kumi na nne ilipatikana Februari 1986. Ilishika galaktani, minyororo ya sukari inayoning'inia kwenye pektini kama matamvua kwenye shuka, na siku zile hawakuwa na njia nzuri ya kuionyesha galaktani pale hasa ilipokaa. Gwilym aliingia chumba cha seli, akaangalia namba za vipimo, akasema, "Hii itatufaa," akatoka. Kwake yeye hiyo ilikuwa ngoma na vigelegele. Alikuwa na mkutano Uholanzi baada ya wiki tano, na alitaka kwenda nayo.

Noreen alikuwa amekwisha kuzitenganisha seli mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa ianze Jumatatu. Jumapili mchana baba yake, Wilf, akaanguka katikati ya banda, na upande mmoja wa mwili ukakataa. Kilikuwa ndicho kilele cha mavuno, na kaka yake, Clifford, alibaki na wachumaji wawili tu. Noreen akaomba ruhusa ya siku tatu, zikawa wiki mbili. Asubuhi alichuma rubabu, mchana alikaa hospitali akimlisha baba yake uji kwa kijiko, mwingi ukirudi kidevuni. Wilf alifariki siku ya tisa. Wakamzika siku ya kumi na tatu, na siku ya kumi na nne Noreen akarudi kazini na viatu vilevile vya maziko.

Alizikuta seli zimejaa na kufurika. Msaidizi wa muda alizilisha, na zaidi ya kuzilisha hakujua kitu. Kuanza mara ya pili kungechukua muda wote uliobaki kabla ya safari ya Gwilym, na kama kungekwenda kombo, angekwenda mikono mitupu. Noreen akazipima. Zilishika galaktani vizuri kabisa. Kulikuwa na mshiko hafifu kwenye sukari nyingine, arabinani, ambayo nayo huning'inia kwenye pektini, lakini ulikuwa hafifu mno hata mtu angeuita uchafu. Akazigawa seli kwenye vichupa, akavizamisha katika tangi la naitrojeni, ambamo baridi husimamisha uhai pasipo kuua. Kisha akafungua daftari. Kwenye safu ya kuonyesha seli zimetenganishwa mara ngapi, akaandika 2.

Alikusudia kuifanya ile ya pili mwezi ujao, kwa utulivu, ili neno lililoandikwa liwe kweli. Mwezi ujao ukaja na mambo yake. Ukaja na mwingine.

Kumi na Nne, kama walivyozoea kuiita, ilisafiri kuliko Noreen mwenyewe, ambaye mbali alikowahi kufika ni Scarborough, mji wa pwani, kuogelea. Alifunga vichupa vyake katika barafu kavu, akavipeleka Wageningen, Kyoto, Campinas. Watu waliitumia kutazama viazi, nyanya, mbao na kitani. Mwanzoni aliikumbuka ile namba kila alipofunga kifurushi. Baadaye aliikumbuka mara mojamoja. Baadaye zaidi ikawa kama habari aliyosimuliwa na mtu mwingine.

Rukhsana Dar aliingia maabara mwaka 1996 kusomea shahada ya uzamivu. Alikuwa binti wa fundi wa mitambo ya kufuma sufu kutoka Bradford, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kusema. Alimwita Noreen shangazi, kama kwao wanavyowaita wanawake wote waliowazidi umri, na Noreen hakukataa. Utafiti wake ulikuwa juu ya rubabu: kwa nini bua lililooteshwa gizani ni laini na lile la juani ni gumu, ilhali mmea ni mmoja. Mabua yalitoka kwa Clifford. Noreen aliyaleta Jumatatu asubuhi, yamefungwa kwenye gazeti.

"Shangazi, haya uliyaosha kweli?" Rukhsana angeuliza. "Kuna konokono ananiangalia."

"Mwache. Naye ana shahada yake anasoma."

Katika majira ya kuchipua ya 1998 taabu ikaanza. Rukhsana alikuwa akivifanyia vipande vya bua jaribio la kawaida. Kipande kimoja alikipaka Kumi na Nne kama kilivyo. Cha pili alikiloweka kwanza katika kimeng'enya kinachokula galaktani na kuimaliza, halafu ndipo akakipaka. Cha kwanza kinapaswa kung'aa, cha pili kinapaswa kuwa giza, kwa kuwa kilichoshikwa hakipo tena. Cha pili hakikuwa giza. Alilirudia jaribio mara tano. Mara zote tano kikang'aa.

Alhamisi, kwenye kikao cha maabara, akaonyesha picha zake mbele ya watu tisa. Noreen alikaa karibu na mlango, kama kawaida yake.

"Kimeng'enya kimekufa," Gwilym akasema.

"Nimekipima. Kinafanya kazi."

"Basi mkono ndio uliokufa."

Wawili watatu wakacheka, si sana. Rukhsana akakusanya picha zake. Gwilym akaongeza, bila ukali, kwamba Kumi na Nne inatumika duniani kote kwa miaka kumi na miwili, na kati yake na mwanafunzi wa mwaka wa pili yeye anajua amwamini nani. Akamwambia arudie tena, na asipopata la maana kabla ya kikao cha kutathmini maendeleo yake, itabidi wazungumze mengine.

Mchana ule Noreen alimkuta Rukhsana kwenye sinki la chumba cha seli, anaosha bilauri ambazo zilikuwa safi. Hakumpa pole. Alimwambia, "Hebu nionyeshe," wakaenda kwenye darubini.

Noreen alitazama kipande cha kwanza, kisha cha pili, kisha akarudi kwenye cha kwanza. Katika kile kisichokuwa na galaktani, mng'ao haukuwa mabaki ya ule wa mwanzo. Ulikaa mahali pake, kwenye pembe za zile nyuzi ngumu zinazolisimamisha bua, wala haukufifia. Ilikuwa sukari nyingine, imeshikwa na kingamwili nyingine. Alijua hapohapo. Alijua hata ni ipi, na kwa nini imejitokeza sasa: vuli iliyopita walianza kutumia vichupa vipya, vilivyotokana na seli zilizokuzwa na kugandishwa mara nyingi, na katika kila kukuzwa ukoo ule mdogo uliojificha ulikuwa ukizaana kwa kasi kuliko mwenziwe.

"Umeona nini, shangazi?"

"Mkono wako hauna kasoro," Noreen akasema. "Nipe siku chache."



Jumapili alikwenda kwa Clifford kula nyama ya kuoka. Alimweleza yote wakiwa wanamenya viazi, bila kumtazama. Clifford alikuwa mtu wa kufikiri taratibu. Alimenya viazi viwili kabla ya kujibu.

"Uliandika vile kwa sababu tulikuita huku."

"Hamkuniita niandike uongo. Mkono ulikuwa wangu."

"Basi mwambie Mwelshi wako."

"Nitamwambia nikishakuwa na hakika."

"Huna hakika?"

Noreen akasema lazima apime kwanza, kwamba katika kazi yao mtu hasemi kabla hajapima. Clifford akamwambia hayo ni maneno ya kisomi, na yeye hakuwahi kumsikia akiyatumia.

Kesho yake akatoa tangini vichupa viwili, kimoja cha 1986 na kimoja cha 1997, akaanza kuifanya ile mara ya pili, miaka kumi na miwili nyuma ya wakati wake. Alifanya saa ya chakula cha mchana, mlango umefungwa. Ilitaka wiki nne. Katika wiki ya tatu kikao cha kumtathmini Rukhsana kikakaa, na karani wa idara akamwambia Noreen koridoni, kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa, kwamba yule msichana wa Bradford amekatiwa uzamivu. Ameambiwa aandike alichonacho kwa shahada ndogo, kisha aondoke Septemba.

Noreen alirudi chumbani kwake. Seli zilikuwa zimebakisha siku sita zifikie kupimika. Angeweza kwenda kwa Gwilym saa ileile, na alijua. Alizilisha, akafunga kabati la joto, akaenda nyumbani. Siku sita zile ndizo alizozijutia uzeeni kuliko ile namba aliyoandika daftarini. Ile aliiandika akiwa na msiba. Siku sita hazikuwa na msiba wowote. Zilikuwa woga mtupu.

Vipimo vikatoka. Katika kichupa cha 1986, koo sabini na moja zilishika galaktani na tisa zilishika arabinani. Katika kile cha 1997 zilikaribia kuwa nusu kwa nusu. Hapakuwa na ukoo ulioshika sukari zote mbili. Kumi na Nne haikuwa moja. Zilikuwa mbili, tangu kishimo cha kwanza.

Alichukua daftari la zamani na karatasi ya vipimo, akagonga mlango wa Gwilym.

"Kama tangi linavuja, mwite fundi," Gwilym akasema bila kuinua kichwa.

"Si tangi. Ni mimi."

Akayaweka vyote mezani, akamweleza akiwa amesimama. Gwilym alisoma karatasi ya vipimo mara mbili, kisha akaweka kidole juu ya ile namba daftarini.

"Hii mbili ni ya uongo?"

"Ya uongo."

"Miaka kumi na miwili."

"Ndiyo."

Akavua miwani. Alionekana amezeeka, na Noreen akaona kwamba bila miwani alikuwa na uso wa mtu mpole.

"Nani mwingine anajua?"

"Clifford."

"Clifford ni nani?"

"Kaka yangu. Analima rubabu."

Gwilym nusura acheke. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga ngazi asiyoiamini, kwamba sasa wanayo iliyo safi. Wangeweza kuwapelekea watu hii safi kwa jina lilelile. Polepole ile chafu ingeisha duniani, na hapana atakayejua.

"Rukhsana atajua," Noreen akasema. "Mabua yake yataanza kumtii ghafla, na yeye si mjinga."

"Rukhsana anaondoka Septemba."

"Anaondoka kwa kosa langu. La kuvunda halina ubani, Gwilym. Usipotaka kutia sahihi barua za kuwaambia ukweli, nitawaandikia mimi, mmoja mmoja. Anwani zao ninazo, maana ndiye niliyefunga vifurushi."

Gwilym akageukia dirisha. Nje vijana walikuwa wakivuka uwanja na vikombe vyao vya chai.

"Nilimwambia mkono wake umekufa," akasema.

"Ulimwambia."

"Mbele ya watu."

"Nami nilikuwepo, nikanyamaza."

Alhamisi iliyofuata Gwilym alisimama kwenye kikao, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alisema picha za Rukhsana ni sahihi, zote tano. Kosa liko kwenye kingamwili, na kingamwili ni ya maabara yake, kwa hiyo kosa ni lake, na yale aliyoyasema anayarudisha. Hakutaja jina la mtu. Noreen akainuka pale karibu na mlango, akajitaja mwenyewe, kwa maneno machache, akakaa.

Rukhsana alimfuata chumba cha seli baadaye, akafunga mlango nyuma yake.

"Ulijua lini?"

"Siku ile kwenye darubini."

"Hiyo ni Machi."

"Ndiyo."

"Kikao changu kilikuwa Aprili."

"Ndiyo."



"Nilikaa mbele ya watu watatu," Rukhsana akasema. "Wakaniuliza kama inawezekana nimekosea. Nikawaambia inawezekana. Unajua mimi sijawahi kusema hivyo kwa mtu yeyote, hata kwa baba yangu? Nilikubali kosa ambalo si langu, na wewe ulikuwa hapa chini unalisha seli."

Noreen akasema tu kwamba ni kweli. Tangu siku ile Rukhsana hakumwita tena shangazi. Alimwita Noreen, kama watu wengine wote.

Barua zilikwenda kwa maabara arobaini na tatu, sahihi mbili chini. Majibu yalikuja ya kila namna. Mwanamume mmoja wa Wageningen, aliyejenga makala nzima juu ya Kumi na Nne, aliandika kurasa tatu, na Gwilym akazisoma, akazikunja, asimwonyeshe mtu. Mwanamke mmoja wa Kyoto alishukuru kwa unyenyekevu mwingi. Alisema kwa miaka miwili alikuwa akilaumu maji ya jengo lake, akahamisha maabara ghorofa nzima. Wengi hawakujibu; waliomba kichupa kipya, basi.

Chuo kilimpa Noreen onyo la maandishi, akalitia sahihi na kulipokea. Gwilym hakumfukuza wala hakumsamehe kwa maneno. Alichofanya ni kushusha ile karatasi ya ukutani, ambayo ilikuwa imegeuka njano, akaandika nyingine mpya yenye maneno yaleyale, akaibandika palepale. Noreen naye alifungua daftari la zamani, akaikata ile namba kwa kalamu nyekundu kwa namna ambayo bado inasomeka, akaandika 1 pembeni, na tarehe ya siku ile.

Rukhsana alirudishiwa uzamivu wake. Ukoo uliokuwa umejificha ulipewa namba yake, thelathini na moja, ukawa kingamwili ya arabinani. Kwa hiyo aliweza kuonyesha alichokuwa akikiona muda wote: kwamba katika bua la gizani zile pembe za nyuzi zina arabinani tele, na katika bua la juani huwa haba. Tasnifu yake ikasimama juu ya jambo hilo. Alifanya kazi kwa hasira, wiki nzima na Jumamosi. Noreen alimtayarishia kila alichohitaji kabla hajaomba, na kwa miaka miwili wakazungumza habari za kazi tu. Mabua yaliendelea kuja Jumatatu kwenye gazeti, ila utani wa konokono haukurudi.

Rukhsana alijibu hoja za watahini wake Oktoba 2000, akafaulu. Kulikuwa na mvinyo na maji ya machungwa koridoni, na wazazi wake walikuja kutoka Bradford, baba amevaa suti, mama amebeba sanduku la barfi, halua ya maziwa na pistachio. Noreen alisimama mbali, karibu na friji. Akamwona Rukhsana akimleta mama yake kwake, kwa mkono.

"Ammi, huyu ndiye Noreen," akasema kwa Kiingereza, ili wote wasikie. "Yule niliyekusimulia."

Mama aliushika mkono wa Noreen kwa mikono yake miwili, akaushikilia kwa muda mrefu, akitabasamu. Noreen akatafuta usoni mwake dalili ya kile alichosimuliwa, kama ni mabua ya Jumatatu au ni mengine. Hakuiona. Mama alifungua sanduku, akamchagulia kipande kikubwa, akangoja mpaka amekila chote.

Rukhsana akaenda Norway, halafu Edinburgh. Gwilym alistaafu mwaka 2003, akarudi Wales kufuga nyuki. Walikuja maprofesa wengine, wenye mashine zinazosoma vishimo zenyewe, na Noreen akawafundisha vijana wao kutumia macho kwanza. Kila kijana mpya, siku ya kwanza, alionyeshwa ukurasa wenye wino mwekundu na kuelezwa yote bila kupunguzwa, pamoja na zile siku sita. Mmoja wao, Dariusz, kijana mstaarabu kutoka Poland, alisema angependelea kutojua jambo kama hilo juu ya mtu atakayefanya naye kazi. Noreen akamjibu kwamba anamwelewa, kisha akampa sahani ya vishimo tisini na sita na kumwonyesha kiti.

Miaka miwili kabla ya kustaafu kwake ilikuja karatasi ya maombi kutoka Edinburgh, ya kawaida, imepigwa chapa, ikiomba vichupa vitatu vya Thelathini na Moja kwa maabara ya Dakta R. Dar. Chini kabisa paliandikwa kwa kalamu: "Tafadhali vifungwe na Noreen mwenyewe."

Aliziangalia seli zenyewe kwanza, akahakikisha ziko hai. Akavifunga vichupa Jumanne asubuhi, na gari la vifurushi likavichukua kabla ya saa sita.